Bima ya kazini imekataa mashine za kusikia za binti yangu. Uganda kuna aliyewahi kulipiwa?

#1 BintiBombo
Salaam wote. Naingia moja kwa moja.

Mtoto wangu wa kike ana miaka minne. Mwezi uliopita tulimpima masikio Kampala: la kulia halisikii sauti iliyo chini ya desibeli 70, la kushoto 75. Daktari akasema avalishwe mashine mbili, zile za kukaa nyuma ya sikio, na tusichelewe. Bei tuliyopewa ni milioni 5 na laki 2 kwa zote mbili, pamoja na vile vizibo vya plastiki vinavyotengenezwa kwa umbo la sikio lake.

Mume wangu ameajiriwa, familia nzima tuko kwenye bima ya kazini kwake. Bima ililipa kumwona daktari. Ikalipa kipimo. Tulipofika kwenye mashine, siku ya tatu ikaja barua ya mistari miwili: ombi limekataliwa, ni kifaa cha nje cha usaidizi, ni hali ya kuzaliwa. Basi. Na mwaka jana baba yake alibadilishiwa miwani kwa kadi hiyohiyo, aliingia dukani akatoka nayo usoni.

Kuna mtu hapa Uganda ambaye mtoto wake amelipiwa mashine na bima? Mlipitia wapi? Kama hakuna, semeni tu nijue.

#2 BodaMalaba
Pole dada. Jibu fupi: hakuna. Uza kitu.

#3 KasukuJinja
Wewe Boda kila uzi unaambia watu wauze kitu. Juzi mtu kauliza dawa ya mende ukamwambia auze nyumba.

#4 BodaMalaba
Na mende wangeisha.

#5 DalaliMzee
BintiBombo, nimefanya udalali wa bima miaka tisa, nikuambie mambo yalivyo hata kama hayapendezi.

Bima ya kazini ni mkataba kati ya mwajiri na kampuni ya bima. Wewe na mtoto ni majina kwenye orodha tu. Miwani ya mumeo ililipwa kwa sababu mwajiri alinunua kipengele cha macho, kina kiwango chake cha mwaka, kama kile cha meno. Kipengele cha masikio sijawahi kukiona kikiuzwa peke yake. Kumwona daktari wa masikio na kipimo vinaingia kwenye matibabu ya kawaida, ndiyo maana vilipita. Mashine yenyewe iko kule mwisho wa mkataba kwenye ukurasa wa vitu visivyolipwa, pamoja na viungo bandia, viti vya magurudumu na upasuaji wa urembo. Ukurasa huo hausomwi na mtu mpaka siku ya kukataliwa.

Kwa hiyo usipoteze nauli kugombana na kaunta ya bima. Nenda ofisi ya watumishi kwa mumeo, uliza mkataba unahuishwa mwezi gani, na upeleke ombi lako miezi miwili kabla. Mwenye kalamu ni mwajiri.

#6 KaseseKwetu
Mzee Dalali umeeleza vizuri lakini mzizi wa tatizo ni serikali. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa tarehe 31 Machi 2021. Rais hakuusaini. Mpaka leo hatuna bima ya taifa, majirani wote wanatucheka. Tungekuwa nayo mama huyu asingekuwa anaandika hapa.

#7 MtuWaDar
Hatuwacheki, ila ni kweli mmechelewa 😀

Halafu dada, hiyo inaitwa shimesikio, siyo "mashine ya kusikia".

#8 KasukuJinja
Shime nini? Ukienda Kampala uulize shimesikio utauziwa dawa ya minyoo.

#9 NesiArua
Kwanza nimrekebishe KaseseKwetu kidogo. Muswada ule hata ungesainiwa siku ileile, haina maana mashine zingelipiwa. Bima yoyote ya taifa ina orodha ya huduma, na ugomvi wote uko kwenye orodha. Sisi hospitali za serikali tulifuta malipo ya wagonjwa mwaka 2001, kumwona daktari ni bure, lakini mama akiandikiwa mashine kwa mtoto anaambiwa akanunue. Ubure unaishia mlangoni pa chumba cha daktari.

Pili, BintiBombo, nina swali. Nani alisema ni hali ya kuzaliwa? Daktari ameandika hivyo au bima imejisemea? Mtoto alizaliwa kwa miezi mingapi? Aliwahi kuwa na manjano, degedege, homa ya uti wa mgongo, surua? Aliwahi kuchomwa sindano za jentamisini, ile dawa ya kuua bakteria inayoweza kuharibu kusikia, siku nyingi mfululizo?

#10 BintiBombo
Asante Nesi. Daktari ameandika tu kiwango cha kusikia na mashine anazohitaji. Neno "kuzaliwa" limetoka kwenye bima.

Alizaliwa wa miezi saba na siku kadhaa. Alikaa kwenye mashine ya joto siku 16. Alikuwa wa manjano mpaka weupe wa macho, na sindano walimchoma, naikumbuka ile sindano ya mguuni. Ya jina gani sijui. Karatasi ya kutoka hospitali naamini iko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la mama mkwe.

#11 NesiArua
Lishushe hilo kopo leo.

#12 MamaWaMbale
Sasa mimi nitasema yangu, na BodaMalaba asome vizuri kwa sababu amesema hakuna.

Kijana wangu alikuwa anasikia, anaimba, anaita kuku. Akiwa na miaka mitatu alipata homa ya uti wa mgongo, akalazwa wiki tatu, bima ya kazini kwangu ikalipa yote. Tulipotoka hospitali hakugeuka tena nikimwita. Nilidhani ni udhaifu wa kuumwa. Dada yangu ndiye aliyeangusha sufuria nyuma yake kwa makusudi, mtoto hakushtuka, tukatazamana.

Nilipoomba mashine, barua ilisema yaleyale: hali ya kuzaliwa. Nikawapelekea karatasi ya kliniki ya watoto ambapo muuguzi alikuwa ameandika akiwa na miaka miwili kwamba anaongea vizuri. Nikaandika: ugonjwa huu mliulipia ninyi wenyewe, haya ndiyo matokeo yake. Miezi mitano ya kuandikiana. Mwisho wakalipa sikio moja.

Moja. Nikawauliza la pili ni la nani.

#13 BodaMalaba
Nafuta kauli. Kuna nusu.

#14 DalaliMzee
Mama wa Mbale hongera, lakini niseme kitu ili BintiBombo asijenge nyumba juu ya mchanga. Malipo yale naamini yalikuwa ya hisani. Kampuni zinalipa hivyo mara mojamoja ili kumaliza kelele au kumfurahisha mwajiri mkubwa. Ukisoma barua yao utakuta wameandika kwamba malipo haya hayafungui mlango kwa ombi lingine. Sikio moja ndiyo alama yake: kama ingekuwa haki yako wangelipa mawili.

#15 MamaWaMbale
Barua ninayo. Maneno hayo yapo, kweli. Lakini mzee, hisani haikuwepo mwezi wa kwanza. Ilianza kuwepo nilipoonyesha karatasi ya kliniki. Sasa niite hisani au niite kwamba walijua wameshikwa?

#16 WakiliMchanga
Nakubaliana na Mama wa Mbale. Na niongeze, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza ubaguzi dhidi ya mtu mwenye ulemavu katika huduma za afya. Ukilipia miwani ukakataa mashine ya sikio, huo si ubaguzi? Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ina dawati la malalamiko. Andika, ambatanisha barua ya kukataliwa.

#17 DalaliMzee
Kijana, sheria inakataza kumbagua mtu. Bima watasema hawajambagua mtoto, wamekataa kifaa, na wangekikataa hata kwa mkurugenzi. Miwani ni kipengele kilichonunuliwa. Dawati la malalamiko ni zuri pale kampuni imevunja mkataba. Hapa wamefuata mkataba, mkataba ndio mbaya.

#18 WakiliMchanga
Mkataba mbaya hauwi mzuri kwa kuandikwa ukurasa wa mwisho, mzee wangu.

#19 DalaliMzee
Hilo litaamuliwa mahakamani, na mtoto ana miaka minne.

#20 AfandeMstaafu
Shikamooni. Mimi nilikuwa kwenye mizinga. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linapiga filimbi usiku kucha. Bima inaweza kunisaidia?

#21 KasukuJinja
Marahaba... samahani afande, shikamoo wewe. Uzi ni wa watoto.

#22 AfandeMstaafu
Sikusikia.

#23 KasukuJinja
😂😂 nimeshindwa

#24 NesiArua
Afande fungua uzi wako, nitakuja, hiyo filimbi ina maelezo yake.

Turudi. Shirika la Afya Duniani limesema asilimia 60 ya kupoteza kusikia kwa watoto kunatokana na mambo yanayoweza kuzuilika: magonjwa kama surua, matumbwitumbwi na uti wa mgongo, usaha wa masikio usiotibiwa, shida wakati wa kuzaliwa, dawa kali. Sasa bima ikiandika "kuzaliwa" kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, inakuwa imekisia. Kuzaliwa KABLA ya wakati ni tukio. Manjano ni ugonjwa. Jentamisini ni dawa, na hapo sisemi madaktari walikosea, mara nyingi ndiyo iliyomwokoa mtoto. Mwombe daktari wa masikio aandike chanzo anachokiona, au aandike kwamba chanzo hakijulikani. "Hakijulikani" si "kuzaliwa".

#25 MtuWaDar
Nesi umenena. Sisi huku hospitali ya Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya sikio la ndani mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanapelekwa India kwa gharama ya serikali, hesabu ikawashinda ndipo wakaleta huduma nyumbani. Nchi ikiona anayelipa ni yenyewe, inapata akili. Kwenu anayelipa ni mama, kwa hiyo hakuna anayepiga hesabu.

#26 KaseseKwetu
Ndicho nilichosema #6.

#27 MtuWaDar
Ulisema tunawacheka.

#28 IsharaNtinda
Habari. Mimi ni kiziwi. Nimesoma uzi wote, watu kumi wanazungumzia milioni 5 na hakuna aliyeuliza: huyu mtoto ana lugha gani leo?

Nilivalishwa mashine nikiwa na miaka tisa, ya kupewa na wafadhili. Ilikuwa inaniletea kishindo. Mlango ni kishindo, mwalimu ni kishindo, mvua ni kishindo. Nyumbani wakaniambia "sasa unasikia, ongea", na nilipopelekwa shule ya viziwi nikaona watoto wanabishana kwa mikono kuhusu mpira, wanatukanana, wanacheka, niliona wivu mpaka nikalia. Mashine niliiacha kwenye begi.

Lugha ya ishara imetajwa kwenye Katiba ya 1995. Chuo Kikuu cha Kyambogo wanafundisha wakalimani. Hakuna bima inayoombwa ilipie mama na baba kujifunza ishara, na hilo lingekuwa rahisi kuliko sikio moja la mashine. Dada, usingoje barua ya bima ndipo uzungumze na mwanao.

#29 BintiBombo
Asante kaka (au dada, nisamehe). Umenigusa pabaya. Kwa sasa tuna ishara zetu za nyumbani, ya maji, ya choo, ya "baba amekuja" ambayo ni kugusa kidevu kwa sababu ya ndevu. Kama kumi na tano hivi. Jirani mmoja humwita kasiru, yaani bubu, mbele yangu. Nataka yote mawili lakini hela ni moja.

#30 IsharaNtinda
Ni kaka. Na ishara ya baba ni nzuri, usiibadilishe.

#31 MamaWaMbale
Kaka Ishara nakuheshimu, lakini mtoto wa desibeli 70 siyo wewe. Wangu akivaa mashine yake moja ananiita mama kwa sauti. Usiwakatishe tamaa wazazi wakaona mashine ni kishindo tu.

#32 IsharaNtinda
Sijasema asivae. Nimesema asingoje. Na wako alisikia miaka mitatu kwanza, tayari alikuwa na maneno kichwani. Wa BintiBombo hajawahi kuyasikia sawasawa.

#33 NesiArua
Wote wawili mna haki, na hapo ndipo muda unauma. Ushauri wa kimataifa ni mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, ijulikane kabla ya miezi mitatu, asaidiwe kabla ya miezi sita. Sisi tunawaona wakiwa na miaka minne, mitano, wakati shule ya chekechea imewakataa. Mama wa Mbale, baada ya uti wa mgongo mfupa unaweza kuota ndani ya sikio la ndani ukaziba nafasi ya kifaa, kwa hiyo hata anayefikiria kupandikiza hana muda wa kuandikiana barua miezi mitano.

#34 FundiRedioGulu
Hodi. Mimi si daktari, natengeneza redio na simu, lakini mpwa wangu anavaa hizi mashine kwa hiyo nimezifungua sana (yeye hajui).

Hakuna aliyetaja betri. Zile ndogo kama kifungo cha shati, zina kibandiko cha rangi. Namba 13 kibandiko cha rangi ya chungwa, 675 bluu, 312 kahawia, 10 njano. Zinafanya kazi kwa kuvuta hewa. Ukibandua kibandiko tu, imeanza kufa, hata ukikirudisha haisaidii. Mpwa wangu alibandua pakiti nzima apambe daftari. Sita kwa mara moja.

Betri moja ni wiki moja au mbili, kwa mashine mbili piga hesabu ya mwaka. Halafu kile kizibo cha sikioni: mtoto anakua, sikio linakua, plastiki haikui. Kikilegea sauti inavuja, mashine inapiga filimbi mpaka mbwa wanakuja. Unatengeneza kingine. Halafu jasho na unyevu: usiku iweke kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Sasa niulize Mzee Dalali, bima ikikubali, inalipia mashine au inalipia kusikia?

#35 DalaliMzee
Inalipia mashine, fundi. Swali zuri. Betri hata sijawahi kuona zikiombwa.

#36 AfandeMstaafu
Hiyo filimbi ya fundi ndiyo hii yangu?

#37 FundiRedioGulu
Hapana afande, yako haina betri.

#38 KanungaElimu
Jamani kwa nini hamtafuti njia ya kununua nje? Binamu yangu alimletea mtoto wake pea kutoka Uingereza. Uwanja wa ndege wakataka ushuru, tukaonyesha barua ya daktari, ikapita. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina jedwali la misamaha, vifaa vilivyotengenezwa maalumu kwa watu wenye ulemavu vimo. Ilitugharimu kama nusu ya bei ya hapa.

#39 NesiArua
Kanunga, nani aliziweka sawa zilipofika?

#40 KanungaElimu
Kuweka sawa vipi?

#41 NesiArua
Ndiyo hilo. Mashine inapangwa kwa kompyuta kufuata ile karatasi ya desibeli ya mtoto, sauti nyembamba kiasi gani, nene kiasi gani, mwisho wake wapi. Ikipungua, kavaa pambo. Ikizidi, unammalizia na kidogo kilichobaki. Mtoto mdogo hawezi kukuambia "inaumiza", atakachofanya ni kuitoa na kuitupa. Mlete apimwe akiwa nazo.

#42 KanungaElimu
Huwa anazitupa. Nitamwambia binamu. Asante nesi.

#43 TabuKabale
Mmesahau bima za vijijini. Kule Kisiizi hospitali ilianzisha bima ya jamii mwaka 1996 kwa kutumia vikundi vya engozi, vile vya kubeba wagonjwa kwa machela na kuzikana. Kikundi kizima kinajiunga, siyo mtu mmojammoja. Kwa nini wazazi wa watoto viziwi wasifanye hivyo? Kila mzazi shilingi kidogo kwa mwezi.

#44 DalaliMzee
Wazo zuri lakini haliwi bima. Engozi inafanya kazi kwa sababu kijiji kizima kimo, na wengi wao mwaka huo hawataumwa. Ukikusanya wazazi wa viziwi peke yao, kila mmoja anahitaji mashine, hakuna wa kumbeba mwenzake. Hiyo inaitwa sako, chama cha kuweka akiba na kukopa. Ndiyo sababu hiyohiyo kampuni hazitaki kuuza kipengele cha masikio: atakayekinunua ni mwenye mtoto kiziwi tu.

#45 WakiliMchanga
Nimekushika mzee! Kwenye bima ya kazini wafanyakazi mia tatu wanaingia wote, hakuna anayechagua. Mtoto mmoja au wawili kati ya familia mia tatu. Gharama ikigawanywa haifiki bei ya rolex (ile chapati ya mayai) kwa kila mtu kwa mwezi. Hoja yako ya "atakayenunua ni mwenye shida" inakufa hapo.

#46 DalaliMzee
Kwa mwajiri mkubwa, ndiyo, nakubali. Kwa nini hakiuzwi basi? Nikiwa mkweli, sijawahi kuona mwajiri akikiomba. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza bei.

#47 KasukuJinja
Mimi nina maelezo mafupi. Mkurugenzi anavaa miwani. Mkurugenzi anaumwa meno. Siku mkurugenzi atakapozaa kiziwi mtaona kipengele kimeota usiku mmoja.

#48 TabuKabale
Au wamekwisha kuzaa, wanawaficha.

#49 IsharaNtinda
#48. Naam.

#50 BintiBombo
Samahani nilipotea wiki tatu. Nilete mrejesho.

Kopo la biskuti lilikuwa na risiti za mama mkwe za tangu nchi ipate uhuru, lakini karatasi ilikuwemo. Siku 16, manjano, na jina la dawa ndilo lile alilotaja Nesi. Daktari wa masikio ameandika kwamba upungufu huu "unaweza kuwa" umetokana na hayo, hakutaka kuandika zaidi. Nimeipeleka bima pamoja na barua mpya. Wamejibu kwamba wanaangalia upya. Hiyo ni siku ya kumi na moja.

Baba yake alimwona mtu wa ofisi ya watumishi kazini kwake. Akasema katikati ya mwaka hawabadilishi kitu, lakini mkataba mpya ni Januari na watauliza bei. Kisha akafunga mlango akamwambia mtoto wa dada yake pia hasikii. Mume wangu karudi na mkopo wa mshahara, laki nane.

Ishara: tunaenda Jumamosi, mimi na shangazi yake. Mume wangu ameanza juzi, vidole vyake ni kama ndizi.

#51 WakiliMchanga
Angalia wasikuambie tatizo lilikuwepo kabla ya mumeo kujiunga na bima. Alijiunga lini?

#52 BintiBombo
Mtoto akiwa na miezi mitano 😔

#53 DalaliMzee
Hapo ndipo watakapoingilia. Lakini uliza kama mkataba wa kikundi unasamehe hali za zamani, mingi ya wafanyakazi wengi inasamehe. Omba nakala, mumeo ana haki ya kuiona.

#54 MamaWaMbale
Na wakikupa sikio moja, chukua, kisha uandike barua ya la pili siku hiyohiyo.

#55 BodaMalaba
Dada kama kuna mchango weka namba, mimi nitatuma kidogo. Sijauza kitu.

#56 BintiBombo
Asante Boda, Mungu akubariki, nitaweka ikifika huko.

Kuna jingine. Kliniki wametuazima mashine moja ya kujaribu, ya zamani, tukairudishe mwisho wa mwezi. Siku mbili za kwanza aliing'oa, siku moja nikaikuta kwenye debe la mahindi. Siku ya tatu amegundua akifunika sikio kwa kiganja inalia piii, akiondoa inanyamaza. Sasa kutwa nzima ndiyo kazi yake. Anafunika, anaachia, ananitazama kama mimi ndiye ninayelia. Betri waliyotupa imeisha leo asubuhi.

Fundi, hizo za kibandiko cha rangi ya chungwa, Wobulenzi naweza kuzipata au mpaka Kampala?

#57 FundiRedioGulu
Wobulenzi sijui. Kampala utapata, angalia tarehe ya mwisho nyuma ya pakiti, wengine wanauza zilizokufa. Na pakiti iweke juu ya kabati, kwenye kopo la mama mkwe.